Ndege Hii, Ndege Huyu

Jumatatu, 3 Machi

Nimefika salama, nimelowa chepechepe. Mdogo wangu alinifuata stendi na mwavuli mmoja kwa watu wawili, kila mmoja akalowa upande wake. Sasa nimekaa kwenye chumba chao cha wageni naandika, maana nisipoandika nazunguka, na nikizunguka mdogo wangu anagonga ukuta. "Dada, kaa chini! Sakafu itatoboka!"

Haya, nimekaa.

Nijieleze kidogo, ili nikija kusoma uzeeni nijue nilikuwa natafuta nini kwenye mji wa watu masika yote. Kwetu wananiita Kiguu na Njia. Nimekata tiketi za treni dirishani mpaka nimestaafu, na kila likizo nilikuwa wa kwanza kupanda treni hizo hizo. Nimesafiri kwa basi, kwa meli, kwa lori la vitunguu, mara moja hata kwa trekta. Nikisikia mahali kuna daraja refu, nakwenda kuliona. Kitu kimoja tu sijapanda, nacho ni ndege. Naiogopa. Sisemi hainipendezi, sisemi ina gharama, nasema naiogopa. Ikipita tu juu ya nyumba roho inanipaa.

Binti yangu alipoolewa huko ng'ambo nilifika hadi kwenye ngazi ya ndege, nguo ya harusi nimeilaza mkononi isikunjamane. Miguu ikagoma. Nikarudi nyumbani na nguo yangu, mtoto akafunga ndoa bila mama. Hakunisema hata neno. Afadhali angenisema.

Sasa ni mjamzito, atajifungua mwisho wa Mei. Mwezi uliopita alinipigia. "Mama, nataka uje. Ila kama huji, sema huji, nitaelewa. Usiniambie unakuja halafu mimi nikakaa natazama mlango." Nikamwambia nakuja. Tiketi ni ya tarehe kumi na tisa Mei.

Mji huu una makumbusho ya ndege, na nyuma yake kuna kiwanda kinachounda ndege za abiria, zile ndogo ndogo. Nimeamua kukaa nazo karibu mpaka nizizoee. Meli nayo niliiogopa zamani, nikaenda kushinda bandarini nikinywa chai na mabaharia mpaka woga ukachoka. Nilipomweleza mdogo wangu mpango huu alinitazama juu mpaka chini.

"Na ungeogopa nyoka, dada, ungehamia shimoni?"

Jumanne, 4 Machi

Mvua. Makumbusho hayafunguliwi Jumanne. Nimepanga begi, nimepangua, nimepanga tena.

Jumatano, 5 Machi

Ukumbi wa makumbusho ni mkubwa, paa lake la bati, kwa hiyo mvua ikipamba moto mwongozaji inambidi apige kelele kama anauza nguo mnadani. Ni msichana mchangamfu, peremende haimtoki shavuni, na maelezo ameyakariri mpaka yanamtoka yenyewe. Juu ya vichwa vyetu ndege za zamani zimening'inizwa kwa nyaya. Moja ina mabawa ya kitambaa, ina viraka, utadhani ni shati la fundi.

"Huyu alibeba barua," anasema. "Huyu aliwahi kutua shambani akafyeka mahindi ya watu. Huyu hapa aliugua injini, akapona."

Nikanyoosha mkono. "Mwanangu, ndege wa manyoya ni huyu. Ndege ya chuma ni hii. Hii ilibeba barua. Hii ilifyeka mahindi."

"Hapa ni huyu, mama."

"Kwa nini?"

"Ndivyo tunavyosema."

Akahamishia peremende shavu la pili, akaendelea. Mimi nilichapwa shuleni kwa kosa hilo hilo, leo nalilipia kiingilio nilisikilize.

Nyuma kabisa ya ukumbi kuna ndege ya abiria iliyostaafu, ngazi imewekwa, ruksa kupanda ukaone viti. Nilifika katikati ya ngazi. Nikashuka nikijifanya nimeangusha leso.

Ijumaa, 7 Machi

Mvua. Ngazi tena. Nimefika mlangoni, nimechungulia, nimerudi.

Jumapili, 9 Machi

Mvua imetufungia ndani na shemeji hana zamu. Mume wa mdogo wangu anafanya kazi hapo kiwandani, kazi yake ni kupiga ribiti za mkiani, vile vipini vya chuma vinavyoshika bati. Ni mtu wa maneno machache, ila machache yenyewe ya kuudhi.

"Shemeji," nilimwuliza, "niambie ukweli. Ndege ni salama?"

"Mimi napiga ribiti, shemeji. Ribiti zangu ni salama."

"Na ndege yote iliyobaki?"

"Iliyobaki waulize wenyewe walioiunda."

Mdogo wangu alicheka mpaka akamwaga chai. Sikuona cha kuchekesha.

Ijumaa, 14 Machi

Nimeingia! Nimekaa kiti cha dirishani, nimefunga mkanda, nimefungua, nimefunga. Mvua inapiga bati la ukumbi, sauti yake mle ndani inakuja kwa mbali. Nikawa nasema moyoni, haya Kiguu, huku ndiko kulikokushinda, kuna viti na vitambaa vichafu tu.

Mwongozaji akanikuta huko. "Umemzoea eh? Huyu amestaafu kama wewe, mama."

"Huyu," nikasema, ili tu aniache.

"Eeh! Sasa unasema kama sisi." Akanipa peremende.

Jumatatu, 17 Machi

Mvua. Kiti cha dirishani.

Alhamisi, 20 Machi

Binti yangu amepiga simu. Miguu imemvimba, mtoto anapiga teke usiku kucha.

"Na wewe mama, umefika wapi?"

"Nakaa ndani ya ndege kila siku."

"Ndege kweli?"

"Kweli kabisa. Ila haiendi popote."

"Si haba," akasema, na nikasikia anavyojitahidi asicheke. Au asilie. Simu haisemi.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Mdogo wangu ameniambia nikitembea tena barazani wakati yeye anapiga pasi ataninyang'anya viatu.

Jumanne, 1 Aprili

Nimeota niko kwenye ngazi na nguo ya harusi. Nimeamka nimechoka kuliko nilivyolala. Mvua bado.

Alhamisi, 10 Aprili

Loo! Mkono bado una joto la aibu, lakini naandika.

Kiwanda hupokea wageni Alhamisi, na muda wote huu kilikuwa kimefungwa kwa sababu ya kupaka rangi. Leo kimefunguliwa. Nimevaa gauni zuri, nimeingia na wageni wengine wachache, tukapewa makoti meupe na viziba masikio. Banda limejaa kelele za ribiti na harufu ya rangi mbichi. Katikati ndege imesimama, nyeupe, imekamilika karibu yote, inang'aa mpaka unaona uso wako ubavuni. Inasubiri mvua ipungue tu irushwe mara ya kwanza. Shemeji alikuwa juu ya jukwaa mkiani, akanipungia nyundo.

Anayetembeza wageni ni Mkaguzi mwenyewe, mwanamke mrefu, mkavu, tochi ameining'iniza shingoni kwa kamba. Anaeleza kwa utulivu, na kila anapopita anagusa ndege kidogo kwa kidole kama mama anayepima joto la mtoto. Nikampenda hapo hapo. Nikataka kumpa sifa, na nikataka aone kwamba mimi si mgeni wa kuja na kuondoka, nimeshajifunza lugha ya kwao. Kelele zilipotulia nikasema kwa sauti, "Jamani, ndege huyu ni mzuri!"

Shemeji huko juu alifumba macho.

"Nani kasema huyu?" Mkaguzi akauliza.

Wageni wenzangu wote wakanigeukia, hakuna aliyenificha hata kwa bega.

"Mimi," nikasema. "Kule makumbusho wanasema hivyo."

"Kule makumbusho wote walisharuka," akasema. Wala hakukasirika, na hilo ndilo lililonimaliza. "Hapa ndege ambayo haijaruka ni hii. Siku magurudumu yakiachana na ardhi, inakuwa huyu, na atabaki huyu hata akizeeka, hata akitundikwa kwa nyaya. Ukiiita huyu mapema, umeisifia kazi ambayo haijaifanya. Basi kwetu mtu akikosea hivyo, tunaikagua upya. Yote. Mkia mpaka pua."

"Kwa sababu ya neno?"

"Kwa sababu ya neno."

Fundi wa rangi alivua kofia akaitupa chini. "Mama, umetumaliza!" Mwingine akauliza ni mama wa nani huyu. Nikamwona shemeji anashuka jukwaani polepole kama mtu anayekwenda kusalimisha silaha.

Jioni kaja nyumbani, kala kimya. Mdogo wangu akamwuliza ana nini. "Nimepewa jina kazini," akasema. "Naitwa Shemeji wa Huyu."

Ijumaa, 11 Aprili

Sijatoka. Shemeji kaenda zamu ya ukaguzi, hata chai hakuinywa.

Jumamosi, 12 Aprili

Amerudi adhuhuri, kalowa, anacheka mpaka machozi. Nilidhani kachanganyikiwa. Kakaa juu ya ndoo mlangoni, hawezi kusema. "Shemeji," akasema mwisho, "hukukosea."

Wamepekua mkia jana na leo. Kuna tundu huko nyuma ambalo lilishakaguliwa zamani, lilikuwa linangoja kifuniko chake kikauke rangi, wangelifunga keshokutwa. Mkaguzi kamulika tochi ndani. Ndani kuna nyasi. Ndani ya nyasi kuna mayai, na juu ya mayai kuna shomoro kamkodolea macho. Mvua imemkimbiza nje, akaja kujenga mkiani.

"Mkaguzi katoa kichwa," shemeji akasema, "katutazama sote. Kasema, 'Mgeni alikuwa sahihi. Ndege huyu yumo.'"

Tulivunjika mbavu, mimi, yeye na mdogo wangu. Jirani akaja kuuliza kuna nini. Nimecheka leo kuliko nilivyocheka mwaka mzima.

Jumapili, 13 Aprili

Kicheko kimeisha, na kilichobaki si kizuri.

Ndege mzima, na nyumba yake na mayai yake, kaingia ndani ya ndege na watu wote wale hawakumwona. Wasingemwona kama bibi mmoja mropokaji asingefungua kinywa. Sasa ile nitakayopanda mimi tarehe kumi na tisa, nani kairopokea? Mkiani kwake kuna nini? Nimezunguka chumbani tangu asubuhi na mdogo wangu hakugonga ukuta, kaona usoni.

Nimelipangua begi lote, nguo zote kabatini. Simu nilikuwa nayo mkononi, namba ya binti yangu iko mbele yangu. Sema huji, alisema, nitaelewa. Sikupiga. Lakini nguo ziko kabatini.

Alhamisi, 17 Aprili

Nimerudi kiwandani. Mafundi wameniona wakaanza, "Huyu huyo! Huyu huyo!" Nikapita kama siwasikii, nikamfuata Mkaguzi ofisini kwake, kichumba chenye dirisha linalotazama banda. Nilikuwa na hasira, na hasira yenyewe ni woga uliovaa viatu vyangu.

"Nataka kujua jambo moja," nikamwambia. "Wewe unapanda hizi ndege?"

"Napanda."

"Huogopi?"

"Naogopa."

Nikapigwa na butwaa. Nilitegemea aniambie maneno yale ya kila mtu, kwamba ndege ni salama kuliko barabara.

"Naogopa kila siku," akasema. "Ndiyo kazi yangu. Kijana akija hapa akaniambia haogopi, namrudisha kwao, simkabidhi tochi. Wewe unadhani ile sheria ya huyu na hii ni ushirikina? Ni kisingizio tu. Woga unachoka, mama. Ukikagua kitu mara nyingi unaacha kukiona. Kwa hiyo tumejiwekea neno la kutushtua."

"Na ile nitakayopanda mimi?"

"Siijui. Lakini nakuapia kuna mtu kama mimi aliyeiogopa kabla yako."

Nikauliza habari za shomoro. Akasema mafundi wengine wanataka atolewe, lakini njia ya kurukia imejaa maji kama bwawa, ndege haiendi popote, basi na akae. "Siku jua likitoka sawasawa na njia ikakauka, atahama apende asipende. Sisi tunangoja jua, yeye anangoja manyoya."

Nimerudi kwa miguu mvuani bila kufungua mwavuli. Nguo bado ziko kabatini, ila nimezikunja.

Jumanne, 22 Aprili

Mvua. Shemeji kaleta habari: wameanguliwa. "Vinywa vitupu, shemeji. Wamerithi kwako."

Ijumaa, 25 Aprili

Jua! Mji mzima umeanika nguo. Mimi nimekimbilia kiwandani, nimewakuta mafundi wazima na ndevu zao wanatazama angani kwa chuki. Vifaranga bado uchi. Mkaguzi alikwenda njiani, akabonyeza udongo kwa kiatu, akarudi akikung'uta tope.

Jumamosi, 26 Aprili

Mvua. Alhamdulillahi! Sijawahi kuishukuru mvua tangu nizaliwe.

Alhamisi, 1 Mei

Mvua. Mkaguzi kaniazima tochi yake nikachungulia. Manyoya yameanza kuota, yamesimama kama nywele za mtu aliyeamshwa ghafla. Nikarudi nikapanga begi.

Jumanne, 6 Mei

Asubuhi sana mkwe wangu amepiga, mume wa binti yangu. Huwa anapiga siku za sikukuu tu. Nikashika ukuta kabla hajasema.

"Mama, amejifungua. Msichana. Kawahi kidogo, lakini wote wazima."

Nilipiga vigelegele mpaka mdogo wangu akaja na ungo mkononi, naye akapiga bila kujua ni cha nini. Kisha nikampata binti yangu mwenyewe, sauti imechoka, nyembamba.

"Mama, umesikia sauti yake? Huyo analia."

"Nimemsikia."

"Sikiliza." Akamtuliza mtoto kidogo. "Usijisumbue tena. Mume wangu kachukua likizo, mama mkwe yupo. Usijitese na ndege. Tukipata nafasi tutakuja sisi, akikua."

Nikamwambia sawa, pumzika. Nikakata simu.

Naandika kama ilivyokuwa: nilishukuru. Nikakaa kitandani nikasema, ahsante Mungu, nimeruhusiwa. Nikanywa chai yote. Nikala mkate. Mpaka jioni nikiwa nafua ndipo nilipokumbuka ile sauti. Ilikuwa sauti ile ile ya baada ya harusi, ya mtu aliyejizoeza kutokungoja.

Jumatano, 7 Mei

Jua.

Alhamisi, 8 Mei

Jua tena. Njia inakauka, inatoa mvuke. Vifaranga wameruka asubuhi, isipokuwa mmoja. Kakaa kwenye ukingo wa tundu, anapiga mabawa, ananywea. Anapiga tena, ananywea. Mama yake yuko juu ya boriti anamfokea. Mafundi wamesimama chini na kifuniko mikononi, wanambembeleza kama mtoto anayekataa dawa. Nilisimama nao mpaka shingo ikaniuma, nikaondoka bado yuko pale. Sikutaka kuona.

Ijumaa, 9 Mei

Shemeji anasema walipofungua banda asubuhi hakuwepo tena, yuko kwenye boriti na wenzake. Hakuna aliyemwona akiruka. Wamesafisha mkia, wameukagua, wamefunga kifuniko. Mkaguzi kakifungua tena, kakagua, kakifunga.

Jumatano, 14 Mei

Ndege imerushwa.

Wafanyakazi wote walitoka nje na jamaa zao, tukajipanga kwenye nyasi kando ya njia. Rubani aliingia na mwenzake, mlango ukafungwa. Nilitegemea kelele na shangwe, kumbe walikuwa wananong'ona. "Haya hii, twende. Twende hii." Fundi wa rangi, yule wa kutupa kofia, alikuwa anauma kucha. Mkaguzi alisimama peke yake mbele, mikono nyuma, tochi imekumbatiwa vidoleni mchana kweupe. Nikaona mikono yake inatetemeka. Hakunidanganya, kweli anaogopa.

Ndege ikaanza kwenda. Ikakaza mwendo. Ikatupita na upepo wake, na mimi nimemshika shemeji mkono, yeye hatazami mabawa wala pua, anatazama mkia wake. Pua ikainuka. Magurudumu yakagusa, yakagusa, hayakugusa.

"HUYOOO!"

Watu wote kwa pamoja. Watu wazima wakarukaruka, kofia zikatupwa, shemeji yangu wa maneno machache alipiga kelele mpaka akakauka koo. "Huyooo! Huyo anakwenda! Huyooo!" Nami nilikuwa nalia na kupiga kelele, sijui kipi kilianza.

Tulirudi kwa miguu mimi na yeye. Njiani nikamwambia nilichokuwa nimekificha kwa furaha wiki nzima. "Shemeji, mimi siendi tena. Binti kaniruhusu."

Akatembea kidogo. "Kwa hiyo unabaki hii."

Nikasimama katikati ya dimbwi. "Umesemaje?"

"Sijasema kitu, shemeji."

"Mimi? Hii? Mimi niliyezunguka kwa treni mpaka madereva wananijua jina, mimi ni hii?"

"Shemeji, mimi napiga ribiti tu."

Sikumsemesha mpaka nyumbani. Nimeitwa mengi maishani, mropokaji, kichwa kigumu, Kiguu na Njia. Hilo hapana. Nimelizungukia chumbani na kila nikigeuka nalikuta.

Alhamisi, 15 Mei

Nimempigia. "Nakuja," nikamwambia. "Ile ile Jumatatu."

"Mama, nilikuambia usije."

"Nimesikia. Nakuja."

Mtoto alikuwa anakoroma karibu na simu.

"Umeniambia unakuja," akasema. "Umesema mwenyewe."

"Nimesema mwenyewe."

Jumapili, 18 Mei

Nilikwenda kuaga. Mwongozaji kanijazia peremende mfukoni. Mkaguzi kanipa mkono, kausubiri wangu uache kutetemeka, haukuacha, akasema basi uende hivyo hivyo.

Jumatatu, 19 Mei, kitini

Mwandiko huu mbaya ni wangu. Nimepanda. Kwenye ngazi miguu ilianza mchezo wake, nikasimama, watu wakarundikana nyuma yangu. Kijana wa nyuma akasema, "Mama, pita." Nikamwambia, "Ngoja kidogo, mwanangu, naogopa." Nilisema kwa sauti, kila mtu alisikia. Mwanamke mmoja juu ya ngazi akageuka akasema, "Hata mimi," akaninyooshea mkono.

Mlango umefungwa. Mkanda umefungwa. Kuna mtu aliyeiogopa kabla yangu. Inatembea. Inageu

Jumanne, 20 Mei

Sitasema woga uliisha. Niliubeba juu ya mapaja mpaka tunatua. Lakini palikuwa na mawingu, na juu ya mawingu jua, na mimi mwenye masika yangu yote nilikuwa sijui kwamba jua lilikuwepo huko siku zote.

Mkwe wangu alinipokea, akanibebea begi ngazini. Akafungua mlango. Binti yangu alikuwa amekaa sebuleni, mtoto kifuani. Kiti alikuwa amekigeuza, kimetazama mlango. Alilia yeye, nikalia mimi, mtoto akaamka akatushinda wote. Sasa kalala mkononi mwangu, kanishika kidole kwa nguvu, naandika kwa mkono mmoja.

Nilipofungua simu nilikuta ujumbe wa mdogo wangu, wa jana.

"Dada, tulisimama kwenye uzio wa uwanja mpaka mwisho. Shemeji yako alinyamaza kimya muda wote. Magurudumu yalipoachana na ardhi akapiga kelele, Huyooo! mpaka mlinzi akaja. Nikamwambia, wewe, ile si ndege ya kwenu, na ilisharuka siku nyingi. Akasema, najua. Simwiti ndege. Namwita dada yako."